Vishikwambi au vitabu? Teknolojia inapoingia katika madarasa ya pwani yetu



Msimu wa korosho uliopita, baada ya Misa katika kigango kimoja kilichopo kati ya Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma, wazazi watano walitungoja chini ya mwembe. Hawakuja kutoa nia ya Misa, wala kulalamikia zaka. Walikuwa wajumbe wa kamati ya shule ya msingi ya kijiji, watatu Waislamu na wawili waamini wetu, na walikuwa na jambo moja tu. Kijiji kilikubaliana kwamba kila kaya itoe kidogo katika malipo yake ya korosho kwa ajili ya shule. Fedha zilikwisha anza kukusanywa, lakini mkutano uligawanyika. Wengine walitaka vinunuliwe vishikwambi ishirini pamoja na paneli za sola za kuvichajia. Wengine walitaka vitabu, madawati, na ukarabati wa nyumba ya mwalimu ambayo mabati yake yameliwa na kutu. Wakatuomba tuseme neno katika mkutano wa Jumamosi, kwa kuwa sisi, walivyosema wao, tumesoma.

Tuliwaambia pale pale kwamba tunaelekea upande wa vishikwambi. Makala hii inaeleza kwa nini tulisema hivyo, na kwa nini Jumamosi ilipofika hatukuweza tena kulisema neno lile lile kwa ujasiri ule ule. Tunaliandika kwa sababu swali hili haliko katika kijiji kimoja tu. Katika vigango vingi vya jimbo letu, fedha za korosho zinapoingia, mzazi hujiuliza amnunulie nini mtoto ili asome vizuri, na mara nyingi jibu la kwanza linalomjia ni kitu chenye kioo kinachong'aa.

Tuanze kwa kukumbushana kwamba teknolojia si mgeni darasani. Ubao mweusi ni teknolojia. Kitabu kilichopigwa chapa nacho ni teknolojia, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia katika shule za Kusini. Wamisionari Wabenediktini walioanza Ndanda mwaka 1906 hawakuishia kwenye kanisa, shule na hospitali; baadaye walikuwa pia na kiwanda cha uchapaji, na mpaka leo wengi wetu hufungua vitabu vilivyochapwa Ndanda au Peramiho bila kuwaza kwamba tumeshika zao la mtambo.

Kisha ikaja redio. Sisi tulioanza shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1980 tuliikuta. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na vipindi vya shule, na mwalimu mwenye betri nzima alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Tulikaa sakafuni, redio ikawekwa juu ya meza, na sauti kutoka mbali ikatusimulia hadithi kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, sisi ambao nyumbani tuliongea Kimakonde. Faida ile hatuisahau. Lakini tunakumbuka pia kwamba sauti ile ilikuwa ikiuliza swali, ikingoja kidogo, kisha ikisema, "Vizuri sana!" Ilitusifu hata siku ambayo hakuna mtoto hata mmoja aliyejibu.

Mfano uliotutia moyo tulipokuwa tukijiandaa kwa mkutano ulitoka Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa ule, yalifanyika majaribio makubwa ya shindano la kimataifa liitwalo Global Learning XPRIZE, kwa ushirikiano na Serikali yetu, UNESCO, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kuwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, bila mwalimu. Programu hizo ziliwekwa ndani ya kifaa chenyewe ili mtoto asihitaji bando, na vijijini viliwekwa vituo vya sola vya kuchajia. Kabla ya majaribio, takribani robo tatu ya watoto hao ilisemekana hawajawahi kwenda shule kabisa, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya Dola za Marekani milioni 10.

Habari hizi si ndogo. Mtoto wa kijijini ambaye hakuwahi kukaa kwenye dawati alishika kifaa, akaona herufi, akasikia sauti yake, akaigusa, akarudia mara kumi bila kuchekwa na yeyote. Uvumilivu huo wa mashine ni kipaji cha kweli. Mwalimu mwenye watoto tisini darasani hawezi kumrudia kila mmoja mara kumi, hata awe mtakatifu. Pia kuna jambo ambalo sisi wa pwani tunapaswa kulitilia maanani: programu zile zilizungumza Kiswahili. Hazikuwa tafsiri mbovu ya somo la watu wengine.

Basi Jumamosi tulisimama mbele ya mkutano tukayasimulia haya yote, na watu wakapiga makofi. Ndipo bibi mmoja anayelea wajukuu wanne, ambao wazazi wao wako Dar es Salaam, akanyosha mkono.

"Shikamoo, Padre," akasema, ingawa ni sisi tuliopaswa kumwamkia yeye, na mkutano ukacheka. "Hicho kidude kikimwambia mjukuu wangu amekosea, naye akakizima, akakaa kimya, nani atajua kama amekosea?"

Tulijibu kwamba kifaa hutunza kumbukumbu za majibu. Hilo ni kweli. Lakini bibi hakuulizia kumbukumbu. Aliuliza nani, na jibu letu halikumtaja mtu yeyote. Tulikaa chini, na tangu siku ile tumeusoma upya mfano wa Tanga kwa jicho lake.

Jambo la kwanza tuliloliona ni hili: kifaa cha Tanga kilipimwa dhidi ya utupu. Wengi wa watoto wale hawakuwa na shule, na palipokuwa hapana kitu, kitu chochote chema ni faida kubwa. Darasa letu halina utupu huo. Lina mwalimu, ingawa amechoka. Lina kitabu, ingawa kimoja kinagombewa na watoto watano. Hapa swali ni kama kishikwambi kinazidi kile ambacho fedha ile ile ingekinunua. Jambo la pili: nusu ya wale waliokuwa hawawezi kusoma hata neno moja walibaki hivyo hivyo baada ya miezi 15. Na la tatu, ambalo halitajwi sana: hata kule ambako hapakuwa na mwalimu, walikuwapo akina mama wa kijiji waliopewa kazi ya kutunza vituo vya kuchajia na kuwaangalia watoto. Pasipo mtu mzima aliyejua kifaa kiko wapi na mtoto yuko wapi, hata programu nzuri ingezimika pamoja na betri.

Mataifa mengine yamelipa gharama kubwa ili kujifunza hili. Nchini Peru, Serikali iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa watoto wa shule, na tathmini ya Benki ya Maendeleo ya Amerika iliyotolewa mwaka 2012, baada ya kufuatilia shule 319, haikuona tofauti katika Hisabati wala katika lugha kati ya watoto waliopewa kompyuta na wale ambao hawakupewa. Kwa jirani zetu Kenya, ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za uchaguzi wa mwaka 2013, ikakwama kwenye zabuni na mahakamani, ikageuka kuwa ahadi ya vishikwambi, na ugawaji ukaanza mwaka 2016. Vifaa zaidi ya milioni moja vilifika shuleni. Shule nyingi zilivifungia makabatini, kwa hofu ya wezi, au kwa kukosa umeme, au kwa sababu mwalimu hakufundishwa namna ya kuvitumia. Hatuwacheki. Tungekuwa na fedha zile sisi, pengine tungefanya vivyo hivyo.

Kwa kweli sisi nasi tumekwisha fanya. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliamua kwamba vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vigawiwe kwa walimu. Ulikuwa uamuzi mwema. Katika mkutano ule mzee mmoja wa kamati aliuliza kwa utulivu kabisa: kama tunataka kununua vishikwambi ishirini, vile vya sensa vilivyokwisha letwa shuleni vinafanya nini? Mwalimu mkuu, ambaye tunamsifu kwa ukweli wake, alijibu bila kuficha. Vilikuwa sita. Viwili vimepasuka kioo. Kimoja kilihama na mwalimu aliyehamishwa. Viwili hutumika kutuma taarifa za shule na, alikiri, kwa mambo binafsi ya wenyewe. Kimoja tu kinaingia darasani, mikononi mwa mwalimu wa Sayansi wa darasa la sita.

Tuliomba kumwona mwalimu huyo akifundisha, na Jumatatu tulikwenda. Somo lilikuwa mzunguko wa damu. Kwanza alichora moyo ubaoni kwa chaki, vyumba vinne, akawaacha watoto wauchore kwenye madaftari. Akawaambia wakimbie kuuzunguka uwanja, warudi, kila mmoja aweke vidole kwenye mshipa wa mkono wa jirani yake. Kelele zilikuwa nyingi. Ndipo akatoa kishikwambi, akawaita watoto wanane wanane mbele, akawaonyesha video ya dakika moja na nusu, moyo ukipiga, milango yake ikifunguka na kufungwa. Binti mmoja alisema kwa sauti, "Kumbe inapishana!" Alimaanisha kwamba vyumba vya juu na vya chini havisukumi kwa wakati mmoja. Chaki isingeweza kumwonyesha hilo. Lakini asingeweza kulisema kama hakuwa amekwisha uchora moyo kwa mkono wake na kuusikia kwenye mkono wa mwenzake. Video ilichukua dakika kumi na mbili kwa darasa zima. Somo lilikuwa la dakika arobaini.

Kama tungetakiwa kueleza faida ya teknolojia darasani kwa mfano mmoja, tungeutoa huo. Vipo vitu ambavyo havionekani kwa macho ya kawaida au viko mbali mno: chembechembe za damu, mwendo wa sayari, theluji, mlima unaolipuka. Shule zetu za kata hazina maabara za kutosha, na mtoto anayesoma Kemia kwa kukariri picha kitabuni anadhulumiwa. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, kioo kinachokuza maandishi, au programu inayomsomea kwa sauti, ni mlango wa kuingilia darasani, maana bila hivyo alikuwa akikaa dawati la mbele na bado hauoni ubao. Kwa mwalimu mwenyewe, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao, na mwalimu wa kijijini anaweza kuandaa somo kwa kitabu kile kile anachokitumia mwenzake wa mjini. Hapo kishikwambi kimoja kinawahudumia watoto tisini kwa kupitia kichwa cha mwalimu, na hilo ndilo tumizi tunalolipenda kuliko yote, ingawa halivutii katika picha za makabidhiano.

Ugumu unaanza pale kifaa kinapotegemea vitu vilivyo nje ya shule. Wanaoishi kando ya ghuba wanajua chumvi ya upepo inavyokula chuma. Soketi ya chaja nayo ni chuma. Bando hununuliwa, na mwalimu hulinunua kwa mshahara wake. Katika vijiji vya mtoni simu hushika mtandao wa ng'ambo, na salio likaliwa kabla mtu hajajua kwamba amevuka mpaka akiwa amekaa barazani kwake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikasuasua nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku zile mwalimu aliyekuwa na chaki aliendelea kufundisha. Ndiyo maana tunasema kwamba kwa shule zetu, programu na vitabu vilivyopakuliwa na kukaa ndani ya kifaa vina thamani kuliko vile vinavyodai mtandao kila saa.

Tunakumbuka pia mwaka 2020, shule zilipofungwa katikati ya Machi hadi Juni kwa sababu ya korona. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na ilikuwa juhudi ya kupongezwa. Lakini katika jumuiya ndogo ndogo za Kikristo tulizozitembelea, mtoto aliyefuatilia masomo yale alikuwa yule ambaye mama au kaka alikaa naye, akamwuliza amesikia nini. Mwenzake, mwenye redio ile ile ndani ya nyumba, alikwenda kuvua. Vipindi kama Ubongo Kids, vinavyotengenezwa hapa nchini tangu mwaka 2014, vimesaidia watoto wengi kuipenda Hisabati kwa Kiswahili, nasi tunavipendekeza. Ila mzazi asidhani kwamba akiwasha televisheni amekwisha kumaliza kazi yake.

Sasa tugeukie shule za sekondari, maana hapo hatari ni ya namna nyingine. Mtoto anayetoka darasa la saba amesoma kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza anakutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza. Mtoto aliyenyamaza akishika simu ya kaka yake, anapata kitu kinachomjibu kila analouliza, kwa lugha yoyote, bila kumwaibisha. Tunaelewa kabisa kwa nini anaipenda. Kwa tafsiri ya neno gumu, kwa kurudia somo asilolielewa, simu hiyo inaweza kumwokoa. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayomwandikia insha.

Katika shule moja tunakofundisha Dini, tuliwapa vijana wa kidato cha tatu kazi ya kuandika juu ya tendo moja la huruma waliloliona kijijini kwao. Insha nne zilisimulia, kwa Kiingereza safi kuliko chetu, jinsi majirani walivyogawa supu ya moto na makoti kwa maskini wakati wa baridi kali. Mtwara! Tulicheka, kisha tukahuzunika. Mmoja wa wale wanne tunamfahamu nyumbani kwao: kila jioni humchotea maji mjane wa jirani. Alikuwa na tendo la huruma mikononi mwake mwenyewe, na aliona halifai kuandikwa. Aliona maneno ya mashine yanastahili kuliko maisha yake.

Hasara hiyo inatuumiza kuliko udanganyifu wenyewe. Udanganyifu ulikuwapo tangu enzi za karatasi zilizofichwa kwenye soksi. Lakini mtoto anayeacha kuamini kwamba ana la kusema amepoteza kitu ambacho hakuna mtihani unaokipima. Hati ya "Antiqua et Nova" juu ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, iliyotolewa tarehe 28 Januari 2025 na Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa pamoja na Baraza la Kipapa la Utamaduni na Elimu, inaligusa jambo hili. Haikatazi matumizi ya mitambo hiyo katika elimu. Inakubali kwamba inaweza kumsaidia mwanafunzi, hasa pale walimu ni wachache. Inachotilia mkazo ni kwamba uwepo wa mwalimu mbele ya mwanafunzi hauna mbadala, na kwamba majibu yanayotolewa tayari yanaweza kumzoesha kijana kutofikiri. Tulipoisoma tulimkumbuka yule bibi na neno lake, nani.

Kuhusu simu za watoto usiku, tuseme wazi zaidi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu inaeleza kwamba mwanafunzi aliyevurugwa na simu anaweza kuhitaji hadi dakika 20 kurudisha akili kwenye somo. Hayo ni ya darasani. Chumbani, saa tano za usiku, hakuna wa kuhesabu dakika. Katika maongezi ya kiroho vijana hutuambia wenyewe: picha chafu, na kubeti. Mvulana wa kidato cha pili anajua timu za Uingereza na uwezekano wa kila mechi kuliko anavyoijua jedwali la elementi. Mzazi anasema, "Namwona ameshika simu, najua anasoma." Shule nyingi humkataza mwanafunzi kuja na simu, na tunaziunga mkono, lakini shule haiwezi kumlinda mtoto baada ya kengele ya mwisho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mwaka ule hapakuwa na simu janja, wala televisheni haikuwapo Tanzania Bara. Fundisho limengoja miaka sitini likutane na simu iliyofichwa chini ya mto wa kulalia.

Vijana huweza kutuuliza: je, Kanisa linaogopa kompyuta? Haliogopi. Mwezi Septemba 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Carlo Acutis kuwa mtakatifu, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, aliyetumia ujuzi wake wa kompyuta kutengeneza tovuti juu ya miujiza ya Ekaristi. Inasimuliwa kwamba alijiwekea kipimo cha kucheza michezo ya kompyuta, saa moja kwa juma. Tulipowatajia vijana wa parokia saa moja kwa juma, walituangalia kama tumewatajia mfungo wa siku arobaini.

Turudi kijijini, ambako fedha zilikuwa bado kwa mweka hazina na mkutano wa pili ulikwisha itishwa. Safari hii tuliomba ruhusa ya kuanza kusema, na tulianza kwa kuomba radhi kwamba tulisimulia nusu ya habari za Tanga. Tukawaeleza nusu ya pili. Tukapendekeza hivi: vishikwambi viwili vilivyopasuka vitengenezwe Mtwara mjini, inunuliwe projekta moja ndogo na paneli ya kuiendesha, ili mwalimu wa Sayansi asiwaite watoto wanane wanane, vitabu vinunuliwe kwa fedha kubwa zaidi, na mabati ya nyumba ya mwalimu yabadilishwe kabla ya masika. Kuhusu mabati tulieleza sababu: shule ile imepoteza walimu wawili katika miaka mitatu, na wote waliomba uhamisho baada ya mvua kubwa. Kifaa chochote kitakachonunuliwa kitahitaji mwalimu anayekaa.

Si wote waliotukubali. Kijana mmoja, baba wa watoto wawili, alisimama akasema kwa uchungu kwamba watoto wa mjini watatumia kompyuta tangu darasa la kwanza, na wetu wataiona mara ya kwanza siku ya usaili wa kazi. Ana haki, na hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Gesi inayochimbwa katika ghuba ile hupita kwenye bomba hadi Dar es Salaam, na watu wa huku wamekwisha zoea kuambiwa wangoje zamu yao. Kumwambia baba kama huyo angoje tena si jambo jepesi. Tulimwahidi kwamba vijana wa kidato cha nne na cha sita wanaorudi likizo, walio na ujuzi, watakuja ukumbi wa kigango siku za Jumamosi kuwafundisha watoto wa darasa la sita na la saba, Waislamu kwa Wakristo, kutumia kompyuta mbili za parokia: kuandika, kuhifadhi, kutafuta, na kutambua habari ya uongo. Alikubali kwa sharti kwamba mafunzo yaanze mwezi huo huo, si "tutaangalia".

Yalianza, yakakatika wakati wa kuokota korosho, yakaanza tena. Mabati yamebadilishwa. Vitabu vimefika, ingawa vya Hisabati ni pungufu. Projekta iko, na usiku hulala nyumbani kwa mwalimu mkuu, ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na kifuko cha mchele wa kunyonya unyevu, wazo la yule bibi. Limebaki suala la betri ya sola, ambayo kamati inataka ilale shuleni na mwalimu mkuu anataka ilale kwake. Litazungumzwa katika kikao cha mwezi ujao, na tumeombwa tuhudhurie.